Vijiti vya Taa Mkunguni: Maswali Tunayoulizwa Kila Tukifungua Sanduku

Sisi ni watu watatu wa Lamu wenye vijiti saba, spika moja na sanduku la mbao. Kila tukilifungua pale Mkunguni, uwanja wa mbele ya Ngome, raundi haijaanza mtu keshauliza. Kujibu huku umeuma waya kwa meno ni taabu, kwa hivyo majibu yote tumeyaweka hapa. Ukitukuta, toa salamu, shika kijiti, cheza. Mengine utayasoma ukifika nyumbani.

Huu ni mchezo gani, na televisheni iko wapi?

Televisheni haipo, wala hatungoji moja ivushwe kutoka Mokowe. Huu ni mchezo wa kompyuta usio na kioo cha kutazama. Anayetazamwa ni mwenzako: mkono wake, bega lake, macho yake yanavyokwepa. Jina la mchezo huko kwao ni Johann Sebastian Joust. Hapa kila mtu anauita "vijiti" na sisi tumenyamaza.

Kila mchezaji anashika kijiti cheusi chenye tufe laini juu, linalowaka taa. Watoto wa mtaa wa Langoni wanakiita askrimu, na ukikiona usiku huwezi kuwalaumu. Spika inapiga muziki. Kazi yako ni kuhakikisha kijiti chako hakishtuki, na papo hapo kumtafuta mwenzako mpaka chake kishtuke. Kikishtuka kupita kiasi kinatetemeka mkononi, taa inazima, umetoka. Wa mwisho kubaki na taa ndiye mshindi. Raundi nzima huisha kahawa yako haijapoa.

Muziki ni wa kuchangamsha tu?

La. Muziki ndio sheria. Muziki ukienda polepole, vijiti vinakuwa vyepesi wa kukasirika. Ukipiga chafya umetoka. Muziki ukiharakishwa, vinavumilia, na hapo ndipo watu huvamiana. Mabadiliko yanakuja bila taarifa. Utamwona mtu yuko katikati ya kurukia, muziki ukamlalia, naye akabaki mguu mmoja hewani kama korongo, anaomba Mungu upepo usivume.

Ndiyo maana tunawaomba watazamaji wapunguze kelele. Asiyesikia muziki hajui sheria ya dakika ile ni ipi. Usiku mmoja jenereta ya jirani ilinguruma tukacheza raundi nne kwa kubahatisha. Wote tulitoka kijinga.

Nani aliutunga?

Mbunifu wake ni Douglas Wilson, na kampuni iliyoutoa ni Die Gute Fabrik ya Copenhagen, Denmark. Ulianza kuchezwa mwaka 2011, na mwaka 2012 ukapewa tuzo ya ubunifu katika Game Developers Choice Awards kule Marekani, wakati bado haujauzwa dukani. Baadaye wakaufunga pamoja na michezo mingine mitatu katika mkusanyiko unaoitwa Sportsfriends. Watu wa kawaida waliuchangia zaidi ya dola 150,000 kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha pesa za miradi, na mwaka 2014 ukatoka kwa PlayStation 3 na 4, mashine za michezo za Sony.

Kijiti chenyewe hawakukitengeneza wao. Ni PlayStation Move, kilichotolewa na Sony mwaka 2010. Sony walikusudia kamera iwe juu ya televisheni, ilitazame lile tufe la rangi na kujua mkono wako uko wapi. Wilson na wenzake wakaitupa kamera, wakaitupa na televisheni, wakabaki na taa na kile kilichomo ndani ya kijiti. Mimi hapo ndipo ninapowavulia kofia. Mtu amepewa kifaa cha kumfunga mbele ya kioo, yeye akakitoa nacho barazani.

Huyo Sebastian Bach ndiye nani, na mbona msiweke zumari?

Ni Johann Sebastian Bach, mtunzi wa Kijerumani aliyeishi kati ya 1685 na 1750; jina la mchezo limechezea jina lake. Muziki wa mchezo huu umetolewa katika tungo zake sita za Brandenburg, ambazo alimkabidhi bwana mmoja wa ukoo wa watawala wa huko mwaka 1721. Ni fidla na filimbi kwa wingi, hauna maneno, na pigo lake linakwenda sawasawa mfano wa cherehani. Usawa huo ndio unaoufaa mchezo, kwa sababu ukipunguzwa au kuongezwa mwendo, sikio linatambua hapo hapo.

Zumari tumejaribu. Ile programu tunayotumia sasa (tutaifikia) inakubali nyimbo zako mwenyewe. Zumari likienda kasi ni mbu ndani ya chandarua, lakini watu walicheza vizuri ajabu, pengine kwa kuwa miguu yao inalijua. Taarabu ilitushinda. Mwimbaji akipunguzwa mwendo anakuwa kama mtu anayezungumza usingizini, watu wanacheka, vijiti vinatikisika, raundi inakwisha bila mtu kuguswa. Shangazi yangu aliyekuwa akipita alisimama, akasikiliza wimbo anaoujua tangu ujana wake ukivutwa namna ile, akauliza, "Mumemfanyani huyu?" Tangu siku hiyo taarabu tumeiweka kando.

Hii si kirumbizi tu, kwa jina la kizungu?

Swali hili huletwa na wazee, na kila mara nalijibu kwa kirefu kuliko ninavyotaka.

Kwa asiyekijua: kirumbizi ni mchezo wetu wa fimbo. Watu hufanya duara, ngoma na zumari zikalia, wawili wakaingia kati na fimbo zao, wakatishana, wakakingana, wakagonganisha fimbo kwa adabu, kisha wakatoka wakawapisha wengine. Utakiona harusini na kwenye sherehe. Anayesifiwa ni yule mwenye mwili unaosikiliza ngoma, ambaye hata akishambulia haonekani kuwa na pupa. Mwenye kumuumiza mwenzake hapati sifa.

Sasa tazama vijiti. Duara lipo. Muziki unatawala nani aende na nani asimame. Fimbo ipo, ila hii ina taa. Kutishana kupo kwa wingi. Kwa hivyo mzee akisema "hiki ni kirumbizi," sibishi. Tofauti ninayoiona mimi ni mbili. Kwanza, katika kirumbizi fimbo ndiyo inayofanya kazi. Katika vijiti ile uliyoishika ndiyo mzigo wako, unailinda kama yai, na kazi inafanywa na mkono ule mwingine. Pili, kirumbizi hakina mshindwa wa kweli. Hapa taa inazima mbele ya kadamnasi.

Mzee mmoja wa mtaa wa Mkomani, mchezaji wa kirumbizi tangu zamani, alikubali kujaribu baada ya kutucheka wiki mbili. Alisimama tu. Vijana watano wakamzunguka, yeye anageuka taratibu, kijiti amekishusha ubavuni, mkono wa pili uko wazi kifuani. Hakumrukia mtu. Kila aliyekaribia alikutana na ule mkono uliokwisha kufika kabla yake. Alibaki wa mwisho, akaniambia, "Mwanangu, hawa wanatazama taa. Mimi natazama nyonga." Kisha akanirudishia kijiti, akaenda zake kwenye bao.

Nifanye nini nisitoke wa kwanza kila siku?

Fahamu kilichomo ndani ya kijiti. Mna kihisi kinachopima mchapuko, yaani jinsi mwendo unavyobadilika, si mwendo wenyewe. Kijiti kikienda mbele kwa mwendo ule ule, bila kusitasita, hakilalamiki. Kinacholalamikiwa ni kuanza ghafla, kusimama ghafla na kupigwa. Kwa hivyo unaweza kutembea hata kwa hatua ndefu ukasalimika, ilimradi kiwiko na magoti yako yameze mishtuko.

Tulilifahamu hili vizuri siku muuza kahawa alipoingia. Jamaa huyu hutembea kutwa na dele mkono mmoja na vikombe mkono wa pili, kwenye vichochoro ambamo punda, mkokoteni na mtoto mwenye baiskeli wote wanataka kupita kwa wakati mmoja. Alitua dele lake, akachukua kijiti, akashinda raundi tatu mfululizo bila kuelezwa chochote. Mkono wake ulikuwa unaelea. Mwili ukipinda kushoto, mkono unabaki palepale. Mabaharia nao ni wagumu kuwatoa. Waliozoea kusimama juu ya mashua wana magoti ya namna hiyo hiyo. Vijana wa mpira ndio hutoka mapema, maana miguu yao ina haraka na mikono yao haina habari.

Mengine ni hila. Mgeni hukishika kijiti mbele, kama tochi. Kishike nyuma ya ubavu. Muziki ukilala, usikae kama nguzo, tembea pole umfuate aliyekaribu na ukuta. Muziki ukipanda, wacha wengine waanze. Na uso wako usiseme. Wengi tunawatoa kwa kuwatazama tu mguuni kana kwamba tumeona nge.

Kusukumana kunaruhusiwa?

Mchezo wenyewe haujali umefanya nini. Kompyuta inajua kijiti kimetikisika, basi. Sheria za kibinadamu tunaweka sisi. Kwetu unaruhusiwa kupiga mkono ulioshika kijiti, kuanzia kiwikoni kushuka, kwa kofi lililo wazi. Kusukuma kifua, kupiga teke na kushika nguo hakuna. Kurusha ndara kuliruhusiwa kwa siku moja, mpaka ndara ilipotua kwenye sinia la viazi karai la mama mmoja. Tulilipa viazi, sheria ikabadilika jioni ile ile.

Kijiti chenyewe usikipige. Hukipati tena kirahisi.

Wanawake wanacheza? Na buibui je?

Wanacheza, na tukisema kweli wanatushinda. Tumewahi kuombwa vijiti kwa ajili ya ua wa harusi, shughuli ya wanawake watupu. Sisi tulitega mitambo mchana, tukamfundisha dada wa bibi harusi kuwasha na kuzima, tukaondoka. Tulichosikia kutoka nje ya ukuta ni vigelegele kila taa ilipozima. Kuhusu buibui, mikono mipana ni faida, kwa sababu mpinzani haoni kiwiko kinaelekea wapi. Tahadhari ni pindo. Likunje kidogo, usikanyage lako mwenyewe.

Je, ni kamari?

Sivyo, na tumekataa isiwe. Hatukusanyi pesa ya dau, na tukisikia watazamaji wawili wamewekeana, tunafunga sanduku. Adhana ikilia tunazima spika. Mwezi wa Ramadhani tunaanza baada ya tarawehe, na huo ndio msimu wetu mzuri kuliko yote, kwa kuwa watoto na wazee wako nje hadi usiku mkuu.

Wanaweza kucheza wangapi kwa mara moja?

Wawili wanaweza, lakini watatu ndipo utamu unapoanza, kwa sababu sasa kuna mgongo wa kuulinda. Saba ndiyo idadi yetu, na si kwa kupenda: Bluetooth ya kifaa kimoja hushika vifaa saba tu kwa wakati mmoja. PlayStation 4 yenyewe inakubali vinne. Wenye kompyuta ndogo huchomeka adapta mbili au tatu za Bluetooth, kila moja ikabeba wake, wakafika wachezaji kumi na wanne au zaidi. Siku tukipata vijiti vya kutosha, Mkunguni patakuwa padogo.

Nataka kuanzisha wangu. Ninunue nini?

Njia ya kwanza: PlayStation 3 au 4, Sportsfriends, na vijiti. Kama mashine unayo tayari, hii ndiyo rahisi.

Njia ya pili ndiyo yetu. Kuna programu ya bure iitwayo JoustMania, inayofuata wazo lile lile la mchezo, iliyotengenezwa kwa ajili ya Raspberry Pi, ile kompyuta inayoenea kiganjani. Inazungumza na vijiti kwa msaada wa programu nyingine ya bure, PS Move API, iliyoandikwa na Thomas Perl. Unahitaji kadi ya kumbukumbu, adapta ya Bluetooth ya nje (ile ya ndani haifiki mbali), spika ya waya, na subira ya siku moja ya kuweka kila kitu. Ndani yake mna aina nyingi za mchezo. Kuna wa timu, kuna ambao aliyetoka anarudi akiwa zombi, na kuna mmoja ninaoupenda kuliko mwingine: kabla ya kuanza, vijiti vya wasaliti vinatetemeka kimya kimya mikononi mwao, wengine hawajui. Hebu ucheze huo na ndugu zako wa damu uone nani anajua kusema uongo.

Spika usichukue ya Bluetooth. Sauti huchelewa kidogo, na tumekwisha kusema sauti ndiyo sheria.

Vijiti tulivinunua vya mkono wa pili, Mombasa. Muuzaji alituambia vyote ni vizima. Tulipovishusha gatini viwili havikuwaka kabisa na kimoja kilikuwa kinawaka chekundu tu. Jaribu kila kimoja kabla ya kulipa, taa na mtetemo, hata kama muuzaji anakuonyesha saa yake.

Kijiti kinawaka lakini hakiungani. Nifanyeje?

Hili linawachanganya wengi, maana wanakitafuta kwenye orodha ya Bluetooth kama wanavyotafuta simu. Kijiti hiki hakitafutwi hivyo. Lazima kwanza ukichomeke kwa waya kwenye mashine unayotaka kuichezea. Hapo kinaandikiwa anwani ya mashine hiyo na kuikumbuka. Ukikipeleka kwa rafiki akakichomeka kwenye yake, kimekusahau. Kirudishe kwenye waya.

Waya wenyewe una mtego. Vijiti vya zamani vinatumia mini-USB, kile kichwa kinene cha kamera za miaka ile, si kile cha simu. Vya toleo la baadaye vinatumia micro. Na ziko nyaya zinazopitisha umeme peke yake bila data. Kijiti kitachaji vizuri na kuungana hakitaungana hata ukeshe.

Betri zinadumu? Na hii hewa ya bahari?

Zikiwa nzima zinatosha jioni nzima. Kinachoziua ni kuwekwa kabatini zikiwa tupu. Chaji kidogo kila mwezi hata kama hamchezi. Chumvi ndiyo adui mkubwa zaidi. Msimu wa kusi, tundu la chaji lilikuwa likiota kutu ya kijani mpaka tulipoanza kufunika kila kijiti kwa soksi ya mtoto na kutia ndani ya sanduku mfuko wa mchele mkavu. Mchele unabadilishwa. Hauliwi baadaye, ingawa yupo kati yetu aliyependekeza.

Mnacheza wapi na lini?

Mkunguni, mbele ya Ngome, baada ya isha, usiku wa kuamkia Ijumaa umeme ukiwepo. Uwanja uko sawa, mikungu inatoa mahali pa kujificha, na viti vya wazee viko pembeni kwa watazamaji. Shela tumejaribu mchangani: kuanguka hakuumi, ila hakuna anayekimbia, na mchanga unaingia kwenye vitufe. Juu ya dari za nyumba hatuchezi, hata mwenye nyumba akikaribisha. Mtu anayerudi nyuma huku anatazama kijiti cha mwenzake hana habari ya ukingo.

Punda wakipita, raundi inasimama. Punda hasimamishwi.

Watoto wa umri gani?

Kuanzia miaka saba hivi tunawaruhusu, lakini wao kwa wao. Mtoto mfupi akichanganywa na watu wazima, kijiti chake kiko usawa wa magoti yao.

Kuna michezo mingine ya kompyuta isiyotumia padi za kawaida?

Tele. Dance Dance Revolution ya Konami, mwaka 1998, huchezwa kwa miguu juu ya jukwaa lenye mishale. Samba de Amigo ya Sega, 1999, kwa kayamba mbili za mkononi. Donkey Konga ya Nintendo, 2003, kwa ngoma mbili ndogo na makofi. Guitar Hero, 2005, kwa gitaa la plastiki. Zote nzuri, lakini zote zinakurudisha kwenye kioo.

Mnakodisha?

Kwa harusi na shughuli za mtaa tunakuja wenyewe, bila bei, chakula tunakula. Vijiti peke yake havitoki. Sababu iko kwenye swali linalofuata.

Kile kijiti kilichoangukia baharini mlikipata?

Mwezi ule tulikuwa na vinane. Kimoja tuliazimisha, wakaenda kukichezea ukingoni mwa barabara ya mbele, maji yamejaa. Kofi moja likakitoa mkononi. Walioshuhudia wanasema kilizama kikiwa bado kinawaka kijani, na kwa muda waliweza kuiona taa ikishuka, samaki wadogo wakiizunguka, kisha ikazima. Aliyekuwa nacho akauliza kama hapo anahesabiwa ametoka.

Maji yalipotoka asubuhi, mtoto mmoja alikikuta kimesimama wima kwenye tope, kando ya nguzo ya gati, akatuletea. Hakiwaki tena. Tunakitumia kuwaonyesha wageni namna ya kushika.